Akiba Mkononi, Kliniki Karibu: Dhana Potofu Kuhusu Kuwakinga Vijana na VVU

Dhana: Ukimwi ni jambo la hospitali, umaskini una wahusika wake.

Anayesema hivi hajakaa na msichana wa miaka 15 aliyefundishwa vyema kuhusu kondomu, ilhali karo yake ya muhula haijalipwa, taulo za kike hana, na nyumbani kwao chungu hupanda mekoni mara moja kwa siku. Akitokea mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali, akamnunulia madaftari leo na kesho akadai shukrani, ujuzi wote wa msichana huyo hauna pa kushika. Uganda ilianzisha elimu ya msingi bila ada mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007, hatua kubwa zote mbili, lakini sare, vitabu na chakula cha mchana bado vinawarudisha watoto nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta VVU kwa asilimia 7.6 ya wanawake wa miaka 15 hadi 64, na asilimia 4.7 ya wanaume wa umri huo. Pengo hilo huanza kuonekana tangu ujana.

Dhana: Basi wagawiwe fedha, yatakwisha.

Hapa ndipo wengi wenye nia njema hupotea, nami naomba tupatazame kwa makini. Katika wilaya ya Zomba nchini Malawi, mwaka 2008 na 2009, wasichana waliokuwa shuleni na familia zao walipewa fedha kila mwezi. Baada ya miezi 18, asilimia 1.2 yao walikutwa na VVU, ikilinganishwa na asilimia 3.0 ya wenzao ambao hawakupewa. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Kisha ukafanyika utafiti mwingine katika vijiji vya Afrika Kusini, ambako fedha zilitolewa kwa sharti la kuhudhuria masomo, na maambukizi mapya hayakutofautiana kati ya waliopewa na wasiopewa. Karibu wasichana wote wa pande zote mbili walikuwa wakienda shule tayari, kwa hiyo sharti lenyewe halikubadili mengi. Hata hivyo, wale waliokosa masomo mara kwa mara au kuacha shule ndio walioambukizwa zaidi.

Funzo ninaloliona humo ni kwamba fedha hufungua njia, lakini njia hiyo ni lazima ifike mahali: kwenye kupima, kwenye kondomu na dawa kinga, kwa mhudumu asiyemkemea kijana aliyeuliza swali, na kwa mtu mzima anayeaminika. Huko Buganda, nchini Uganda, kazi hiyo ya mwisho ilikuwa ya ssenga, yaani shangazi, na pale ambapo shangazi hayupo tena, ni wajibu wa mradi kumtafuta mlezi wa kushika nafasi yake.

Dhana: Mtoto akishika fedha huharibika.

Miradi ya Suubi, neno la Kiganda lenye maana ya tumaini, ilijaribu kinyume chake kusini mwa Uganda, katika eneo la Masaka na Rakai, si mbali na kijiji cha wavuvi cha Kasensero ambako ugonjwa huu ulitambuliwa nchini mwaka 1982. Yatima wa Ukimwi walifunguliwa akaunti za benki pamoja na walezi wao, na walichoweka kikaongezewa na mradi ili kitumike kwa masomo au biashara ndogo ya familia. Sambamba na hayo walipata mafunzo ya fedha na washauri wa kuwaongoza. Wengi waliweka akiba, na walipata mtazamo mzuri zaidi kuhusu masomo na kesho yao kuliko wenzao. Wala utaratibu huo si mgeni vijijini: katika vikundi vya akiba, sanduku la chuma huwa na kufuli tatu, funguo hushikwa na wanachama watatu, na hesabu ya kila mmoja husomwa wote wakisikia. Kijana akiwekewa uangalizi kama huo, fedha haimharibu.

Dhana: Aliyekwisha kuambukizwa hahusiki na kinga.

Anahusika sana. Kijana anayemeza dawa za kufubaza virusi kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono. Mradi wa Suubi uliowahusu vijana wanaoishi na VVU ulionyesha kwamba akiba ya familia husaidia kupunguza virusi mwilini. Sababu yake haifichiki kwa anayewajua vijana hawa: dawa ni ya bure, lakini nauli ya boda boda kwenda kuichukua si ya bure, na kumeza vidonge tumbo likiwa tupu ni mateso. Mlezi anayeuza mayai ya kuku walionunuliwa kwa akiba hiyo ana nauli siku ya kliniki inapofika, na asubuhi hiyo kijana huondoka amekunywa uji.