Paka Anapohema kwa Mdomo Wazi: Maswali na Majibu

Paka wangu ameachama, ulimi nje, anahema. Si joto la Kisumu tu?

Mbwa kutweta juani ni kawaida yake. Paka sivyo. Paka aliyetulia akianza kuhema kwa mdomo, hiyo ni dharura. Mtazame vizuri: huchuchumaa viwiko vikiwa vimetanuka, shingo kainyoosha mbele, hataki kulala ubavu, na tumbo linaingia na kutoka kwa nguvu. Ufizi ukiwa wa kijivu au samawati, usingoje kupambazuke.

Na kama hajaachama, ila naona anapumua upesi?

Mhesabie akiwa usingizini. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Zikizidi 30 kwa dakika kila ukihesabu, mpigie daktari siku hiyohiyo.

Nimpe nusu ya Panadol?

Hapana, hata robo. Nakusihi. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli ipasavyo, kwa hiyo sumu huharibu damu yake ikashindwa kubeba oksijeni. Ufizi hugeuka kahawia, uso na miguu huvimba, pumzi hukatika. Inaniuma kwa sababu vidonge hivi viko karibu kila nyumba, na anayempa paka humpa kwa huruma. Ikiwa ameshameza, mwambie daktari kiasi na saa bila kuficha. Dawa ya kukabili sumu hiyo ipo, ila lazima iwahi.

Nimbebe vipi?

Kwanza mtoe penye moshi wa jiko na dawa ya mbu. Mtie katika katoni yenye matundu, akae anavyotaka mwenyewe. Usimkaze kwa leso kifuani, wala usimlazimishe maji au maziwa, yataingia mapafuni. Ukitoka Nyalenda au Mamboleo kwa bodaboda, katoni ikae mapajani, isipigwe na jua. Piga simu kabla ya kuondoka uulize kama kliniki ina oksijeni, maana si zote zinayo.

Mbona daktari hakumpiga eksirei kwanza?

Kwa sababu paka aliyeishiwa pumzi anaweza kufa kwa kushikwashikwa tu. Hupewa oksijeni atulie. Pumu, ugonjwa wa moyo, kugongwa na pikipiki, maji kifuani: mlangoni vyote hufanana. Daktari akishuku maji, huyavuta kwa sindano, na mara nyingi paka hupata nafuu palepale. Eksirei hufuata akishaweza kuivumilia. Ukimrekodi kwa simu akihema nyumbani, mwonyeshe daktari video hiyo.