Wiki ya kwanza na SIG P365 kiunoni

Haya, mmeniuliza sana kuhusu SIG P365, ile bastola ndogo ya kubeba kwa kuficha, nimenunua. Nimekaa nayo wiki moja, nimepiga risasi kama 200 hivi pale renji (uwanja wa kulenga shabaha) na siku zilizobaki nimeivaa kiunoni kwenda kazini, sokoni, kila panaporuhusiwa. Mi nafundisha watu kulenga shabaha hapa Houston kwa hiyo bastola zinapita mkononi mwangu nyingi tu, ila hii nilikuwa naikwepa makusudi, maana ilipotoka 2018 watu walilalamika kuhusu pini ya kupigia kuvunjika nikasema wacha wenye haraka watangulie.

Sasa kwa nini ilivuma? Kabla yake ukitaka bastola ya milimita 9 ya kuficha ilibidi ukubali risasi chache. Shield ya Smith & Wesson ya 2012 unapata 7 au 8, Glock 43 ya 2015 unapata 6. Hii ni fupi kuliko zote mbili na inabeba 10, ukiweka na moja chemba, yani pale nyuma ya mtutu, zinakuwa 11. Ujanja wote uko kwenye magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Ichomoe uitazame, utaona chini imenenepa, risasi zimekaa kwa kupishana kama meno ya zipu, alafu juu inajibana mpaka zinatoka moja moja kwa mstari. Bastola yenyewe unene wake ni inchi moja hivi, mtutu inchi 3.1, urefu wote inchi 5.8, na uzito ukiwa na magazini tupu ni aunsi 17.8, yani nusu kilo ya sukari ya kupimiwa dukani. Ila kuijaza magazini mpya ni kazi bana, nane za kwanza zinaingia vizuri, ya tisa inakuangalia, ya kumi kidole gumba kinalia.

Kuivaa ndo raha yake. Houston mwezi wa nane huwezi kuvaa koti, ni fulana nyepesi na jasho, na bastola kubwa inajichora kwenye nguo mpaka mtoto mdogo anajua una nini. Hii nimeivaa mbele ya kiuno, fulana ya kawaida, mke wangu mwenyewe siku ya pili kaniuliza mbona hujaivaa leo, kumbe ninayo. Kitu pekee kilichoishinda ni kanzu. Ijumaa nilijaribu nyumbani mbele ya kioo, kuificha imefichika kabisa, sasa itoe! Mpaka uikusanye kanzu yote mkononi kama mtu anayevuka mto, adui ameshamaliza shughuli zake keshaondoka. Na mi msikitini siendi nayo, inabaki nyumbani kwenye sefu. Kwenye gari pia siiachi, magari yanavunjwa vioo kila siku.

Hapa kwenye holsta, yani ala ya kuvalia bastola, nisikilizeni vizuri. Hii yangu haina sefti ya kidole gumba, yani kile kitufe cha kuifunga isifyatuke (kuna toleo lenye nayo), kwa hiyo kinachokulinda usijipige mwenyewe ni kidole chako kukaa mbali na triga (kifyatulio) na holsta kuifunika hiyo triga yote. Nilianza na holsta ya kitambaa, ya bei chee, niliagiza mtandaoni, kampuni siitaji. Ukitoa bastola mdomo wake unalala. Siku ya kwanza nafanya mazoezi chumbani, bastola tupu, chemba nimeikagua mara mbili, narudisha kiunoni nahisi kama inagoma. Ningeisukuma tu ingeingia. Nikasimama, nikaangalia, pindo la fulana limeingia mle pamoja na bastola, limekaribia kabisa triga. Ile holsta imeenda kwenye pipa la taka jioni ile ile, nikanunua ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola hii hii, mdomo haulali, na naomba mfanye hivyo hivyo kabla hamjanunua hata risasi. Na kurudisha bastola hakuna mashindano, pandisha nguo, angalia kwa macho, ingiza polepole.

Kuipiga sasa. Nilitundika sahani ya karatasi yadi 7. Tano za kwanza taratibu, zote ndani ya duara la kiganja, nikajiona fundi. Nikaongeza kasi zikaanza kuporomoka chini kushoto, yani kosa lile lile ninalowakemea wanafunzi kila Jumamosi, kubana mkono wote wakati wa kuvuta triga. Bastola ndogo haikusamehei, teke lake ni kali kwa sababu hakuna uzito wa kulimeza, na ukitumia magazini fupi kidole cha mwisho kinaning'inia hewani hakina pa kushika. Inakuja na magazini ya pili yenye kikalio kirefu kidogo chini, nikaweka hiyo, kidole kikapata mahali, risasi zikarudi katikati. Triga si mbaya, inaanza laini, inagonga ukuta, inaachia. Vidoti vya kulengea vinang'aa gizani vyenyewe. Kukwama haijakwama hata mara moja, ila zile risasi za kujilinda zenye tundu kichwani nimepiga 50 tu, bei yake inauma, nataka zifike 200 kabla sijaiamini moja kwa moja.

Mnaouliza ya sheria, kwa ufupi: hapa Texas tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 na zaidi asiye na kizuizi cha kisheria anaweza kubeba bastola bila leseni, ila mi nasema chukua tu leseni, maana kuna majimbo mengine yanaitambua. Mwenye green card, yani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kununua. Wenzangu wa viza ya masomo au matembezi, nyie kwa kawaida hamruhusiwi hata kuigusa pale renji, na vighairi vipo vichache, kwa hiyo ulizeni mwanasheria, msimuulize shemeji.

Sasa Jumamosi alikuja mama mmoja wa kwetu Tanga, anafanya kazi ya usiku hospitali, mumewe kamwambia achukue hii hii kwa sababu ni ndogo na yeye ana mikono midogo. Nikampa. Kuivuta slaidi, lile chuma la juu linalorudi nyuma, alihangaika, nikamuonesha aibane karibu na kifua asukume mpini mbele badala ya kuvuta slaidi nyuma, ikakubali. Akapiga tatu, sahani haina hata tundu. Akaiweka mezani, akajipuliza kiganja.

"Kaka, hii inaniuma. Lile kubwa la kwako je?"

Nikampa Glock 19 yangu ya kufundishia. Tano, zote kwenye sahani. Akaniambia nimpigie picha amtumie mumewe.