Eti Linux haina kinga dhidi ya wadanganyifu

"Ukihamia Linux sahau gemu za mtandaoni, kinga za udanganyifu hazifanyi kazi huko." Karibu kila mchezaji anayeniuliza namna ya kuachana na Windows na kuhamia mfumo endeshi wa Linux huanza na maneno haya, na yamenichosha.

Kinga hizi, yaani programu zinazowanasa wadanganyifu ndani ya gemu, zinafanya kazi. Tangu Septemba 2021, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zinazolinda gemu nyingi kubwa za ushindani, zinaweza kutumika kupitia Proton, zana ya kuendesha gemu za Windows kwenye Linux. Ila haziwaki zenyewe. Mwenye gemu ndiye anayeamua. Ndiyo maana gemu mbili zenye kinga ileile hutofautiana: moja inakuingiza uwanjani, nyingine inakutoa kabla hujaanza. Apex Legends ilichezwa kwenye Linux tangu 2022, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenye gemu wakaifunga huko, wakidai Linux imekuwa njia ya wadanganyifu. Tazama pia Fortnite: mwenye gemu ni Epic Games, na Easy Anti-Cheat ni mali ya Epic haohao, lakini mchezaji wa Linux bado haruhusiwi. Huo ni uamuzi wa kibiashara na wa kiusalama. Kushindwa kwa teknolojia ni jambo jingine kabisa.

Hoja moja ya kampuni hizi ina uzito, nami siipuuzi. Kwenye Windows kinga hizi huingiza draiva, programu ndogo yenye mamlaka makubwa, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kwenye Linux hubaki nje yake, na kerneli yenyewe mtumiaji anaweza kuibadilisha atakavyo. Kumchunguza mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu zaidi. Basi kampuni ziseme hivyo waziwazi, kisha ziongeze ukaguzi upande wa seva, ambako mfumo endeshi wa mchezaji haujalishi. Seva isiyotuma mahali alipo adui ambaye huwezi kumwona inamnyima mdanganyifu cha kuiba. Gemu ya Valorant hufanya hivyo, pamoja na kuwa na draiva yake ya kerneli.

Wapo wanaoamini kwamba anayetumia Linux ana jambo anaficha. Lakini soko la programu za kudanganya linafuata wateja, na wateja wengi wako Windows. Wenye fedha hununua kadi za DMA zinazosoma kumbukumbu ya kompyuta kutoka mashine ya pili, na draiva ya kerneli hupata tabu kuzigundua. Aadhibiwe aliyedanganya, si aliyechagua mfumo tofauti.

Na kwamba kinga ikiingia kwenye kerneli ndipo kompyuta yako inakuwa salama? Hapana. Mwaka 2022 wahalifu wanaofunga mafaili ya watu na kudai fedha walitumia draiva ya kinga ya Genshin Impact kuzima antivirusi. Gemu yenyewe haikuhitajika kuwamo kwenye mashine hizo.

Msiniombe mbinu za kuificha Linux au kupita kwa mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta yako. Bungie, kwa mfano, imetangaza kwamba anayejaribu kukwepa kizuizi cha gemu yake ya Destiny 2 atafungiwa, na akaunti ya miaka mingi haifai kuchezewa kamari. Kabla ya kulipia gemu, angalia hali yake kwenye tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet, na usome tarehe, kwa sababu uamuzi hubadilika hata baada ya mauzo. Ukishainunua kwenye duka la gemu la Steam na ikagoma, omba fedha zako ndani ya siku 14, kabla hujapitisha saa 2 za kucheza.