Malindi, Pate na Wachina: yanayosemwa na yaliyopo

"Zheng He alikuja Malindi akamchukua twiga."

Zheng He ndiye amiri aliyeongoza misafara ya merikebu za China zama za mfalme Yongle. Tarehe zenyewe zinakataa. Twiga aliyefikishwa kwa mfalme Yongle mwaka 1414 alitoka Bengal, zawadi ya mtawala wa huko. Ile picha maarufu inayobandikwa kila mahali kama ya twiga wa Malindi ni ya huyo wa Bengal. Wajumbe wa Malindi walifika China na twiga wao mwaka 1415. Msafara wa tano wa Zheng He uling'oa nanga 1417, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwarudisha makwao wajumbe wa nchi mbalimbali. Yaani Malindi ndiyo iliyotangulia kubisha hodi. Wasimulizi wengi huipindua habari hii, pengine kwa kuwa mgeni mwenye merikebu kubwa hunoga zaidi kusimuliwa kuliko mwenyeji aliyemsafirisha mnyama mrefu kama yule hadi ng'ambo.

"Sarafu ya Mambrui ni ushahidi kwamba alishuka pale."

Sarafu ya Yongle, duara lenye tundu la mraba katikati, ilifukuliwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, mwaka 2010, na nyingine ya namna hiyo ikapatikana kisiwani Manda, habari zake zikatangazwa 2013. Sarafu hupita mikono mingi. Inachothibitisha ni kwamba tabaka la udongo ililokutwa ndani yake haliwezi kuwa la kabla ya utawala wa Yongle (1402–1424). Nani aliileta, haisemi.

"Penye vigae vya Kichina waliishi Wachina."

Hapa, kwenye vigae, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, ndipo watu hupotea zaidi. Bidhaa za China zilifika pwani kwa mikono ya wafanyabiashara wa Ghuba ya Uajemi na India karne nyingi kabla ya Yongle. Shanga, kisiwani Pate, ulikuwa mji tangu karne ya 8, kwa hiyo haukuanzishwa, kama wengine wasimuliavyo, na mabaharia wa Zheng He waliovunjikiwa na chombo. Mabakuli yaliyopachikwa kwenye kaburi la mnara la Mambrui nayo yanaonyesha uwezo na ladha ya wenyeji, si kabila la marehemu.

Tena si kila kigae chenye rangi ni cha China. Tazama palipovunjika. Kauri ya China (porcelain) ni nyeupe, ngumu, na haifyonzi maji. Bakuli za kijani za Longquan, nazo za China, zina mwili wa kijivu, nazo ni ngumu vilevile. Vyombo vya Uajemi vina udongo laini wa manjano chini ya rangi yake. Ukigusisha ncha ya ulimi, hunata.

"Ubalozi wa Kenya na China una miaka 600."

Yongle alishughulika na mtawala wa Malindi, na misafara ile ilikoma 1433. Kenya na China zilifungua uhusiano wa kibalozi tarehe 14 Desemba 1963, siku mbili baada ya uhuru.

Ukikuta kigae au sarafu ufukweni Shela, kisiwani Lamu, au Mambrui, usichimbue. Piga picha, weka alama ya mahali, uwaarifu Makumbusho ya Taifa. Kikishang'olewa kwenye tabaka lake, hakuna tena namna ya kujua kilizikwa pamoja na nini.