Daftari la kifua kikuu likinenepa
Ni imani ya siku nyingi: hospitali ikiandikisha wagonjwa wengi wa kifua kikuu kuliko mwaka jana, basi ugonjwa umeenea zaidi. Inaingia akilini, ila daftari huhesabu waliogunduliwa tu.

Chukua kikopo cha makohozi. Kwa hadubini, mtu wa maabara huhitaji bakteria kama 10,000 katika mililita moja ndipo awaone, kama vijiti vyekundu. Mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya bakteria hao na iliyoanza kusambaa baada ya mwaka 2010, huwanasa hata wakiwa mia na ushee. Mgonjwa yuleyule aliyeambiwa jana hana TB, leo anayo. Tena hadubini haitofautishi bakteria wa TB na binamu zao wanaoishi kwenye maji na udongo. Mashine ikiwatenga, hesabu yaweza hata kushuka.

Kinyume chake nacho hutokea. Mwaka 2019 waligunduliwa watu milioni 7.1 duniani; mwaka 2020, milioni 5.8. Ugonjwa haukuwa umepungua kiasi hicho. Korona iliwazuia watu kufika kliniki.

Ukikutana na takwimu, tazama waliopimwa walikuwa wangapi, kwa kipimo gani, na kama ni "waliogunduliwa" au "waliokadiriwa". Maneno hayo mara nyingi hujificha kwenye maandishi madogo chini ya jedwali.