Dada, pango haliendi Mombasa

Mimi ni mwongoza wageni kwenye mapango ya Amboni, Tanga, na kuna swali ninalolisikia kabla mgeni hajafungua mdomo. Kwa wageni nimeshazoea. Jumamosi likatoka kwa dada yangu wa tumbo moja, kashuka kwenye basi la Dodoma, hata begi hajaliweka chini: "Mdogo wangu, leo unipeleke kwenye lile shimo linalotokea Mombasa."

Nikaona nimlishe kwanza. Kosa langu. Maandazi na mbaazi za nazi, akaongeza, akaongeza tena, halafu ndani ya pango kuna mahali pa kuinama hadi goti ligonge kifua. Dada alipita, lakini maneno aliyonitolea hapo siyaandiki. Mbaazi zile baada ya matembezi, jamani. Asubuhi chai na chungwa la Muheza vinatosha.

Kiomoni, kijiji chenye mapango, ni kama kilomita nane kutoka Tanga mjini, kipande cha mwisho tukakimaliza kwa miguu. Nikaanza somo njiani. Jiwe la Amboni ni chokaa. Maji ya mvua yakipenya udongoni huchukua hewa ukaa, yanapata ukali mdogo kama ndimu iliyozimuliwa sana, yanaingia kwenye nyufa na kulila jiwe polepole. Pango ni hilo tu, jiwe lililoliwa. Na ile miaka milioni 150 mnayoiandika kila mahali ni umri wa jiwe. Pango lenyewe ni dogo kwa umri, kama vile nyumba haina umri wa matofali yake. Tuendelee.

Sasa Kilimanjaro. Wapo wanaosema Wazungu wawili waliingia na mbwa, mbwa akaonekana Kilimanjaro, wenyewe hawakuonekana tena. Ukitoka Amboni kwenda huko unaikuta Usambara, na mawe ya Usambara ni magumu, yamepikwa chini ya ardhi. Ndimu yetu hailiwezi jiwe lile. Kilimanjaro yenyewe ni volkano. Hilo limekwisha.

Mombasa ndiyo inayonichosha, kwa sababu chokaa ipo pia huko kaskazini mwa pwani, na mjuaji akilijua hilo hunibana papo hapo. Dada alinibana. Nikamwambia: pango la kupita mtu mkavu lazima liwe juu ya maji ya ardhini. Haya yetu yako kando ya bonde la Mkulumuzi, mto ulipochimba kushuka, maji yakashuka nao na mashimo yakabaki makavu. Kwa barabara Mombasa ni zaidi ya kilomita 150. Njia hiyo ingepita chini ya mto Umba, kwenye ardhi ya chini iliyo jirani na bahari. Ingekuwa imejaa maji mpaka darini. Mbwa gani huyo, au alikuwa papa?

"Mbona kuna upepo ndani? Si unatoka upande wa pili?"

Upande wa pili upo, dada, lakini ni palepale kilimani. Milango iko juu na chini, hewa ya ndani na ya nje hazilingani joto, basi inatembea. Wajerumani na Waturuki walikuja kupima mwaka 1994, wakakuta mapango kumi yaliyoachana, refu kuliko yote mita 900. Zile kilomita za mraba 234 mnazozisoma ni eneo la mawe, si shimo moja.

Hapa niseme ukweli wangu. Mita 900 ni kipimo cha mwili wa mtu. Ufa usiopitisha bega haukupimwa, na maji hayahitaji bega, kwa hiyo sitabisha ukiniambia kuna vijia vinavyoendelea mbele. Jingine: hiyo hadithi ya mbwa nimeiuza mwenyewe miaka mingi, maana mgeni aliyeshtuka hutoa bakshishi nzuri kuliko mgeni aliyeelimika. Na tukifika mzimuni, watu walipoacha sadaka zao, mimi hushusha sauti. Chokaa naijua, sauti naishusha vilevile.

Kutoka hapo tukaenda Galanos kwenye maji ya moto. Yananuka kama yai viza, ni salfa. Dada akaloweka miguu, akasema mbaazi sasa zimeshuka.

Jioni mjini tukakaa kwa muuza pweza, supu yenye ndimu na pilipili, vipande kwenye kijiti. Waja leo waondoka leo, basi lake lilikuwa alfajiri. Alitafuna kimya muda mrefu. Kisha akaniinamia:

"Sawa, Mombasa hapana. Horohoro je, pale mpakani?"

Nikamwongezea pweza.