Kompyuta Inayohesabu Mbele ya Macho

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kwamba kumbukumbu ya kompyuta ndimo tarakimu zinamohifadhiwa, lakini sikuwahi kuiona tarakimu iliyohifadhiwa hadi nilipoingia Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta, Bletchley Park, nchini Uingereza. Wageni wengi huenda kuiona Colossus, mtambo uliosaidia kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajerumani kuanzia mwaka 1944, ambao umejengwa upya na unafanya kazi. Inastahili heshima hiyo. Ila mimi nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya Harwell Dekatron.

Mashine hii ya tani 2.5 ilianza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa atomiki cha Harwell, na tangu ilipofufuliwa mwaka 2012 inatambuliwa kuwa kompyuta asilia ya kidijitali kongwe kuliko zote zinazofanya kazi duniani. Kumbukumbu yake ni mirija midogo ya kioo yenye gesi, iitwayo dekatroni. Ndani ya kila mrija mna vituo kumi vilivyopangwa kwa duara, na nukta ya mwanga wa rangi ya machungwa hukaa kwenye kimojawapo: hiyo ndiyo tarakimu, 0 hadi 9. Wakati wa kujumlisha, nukta huhama kituo kwa kituo, na ikikamilisha mzunguko, mrija wa jirani husogea hatua moja, sawasawa na mtoto wa shule anavyopeleka moja kwenye safu ya makumi.

Kuzidisha namba mbili huchukua sekunde 5 hadi 10, kasi ambayo mtu mwenye kikokotoo cha mezani angeweza kuifuata kwa muda. Waliobuni mashine hawakutafuta kasi, bali kitu ambacho kingeachwa peke yake siku nzima kikaendelea kuhesabu bila kuchoka. Programu husomwa kutoka utepe wa karatasi wenye matundu, na palipohitajika kurudia hatua zilezile, ncha za utepe ziligundishwa ukawa pete. Kitanzi ninachokichora ubaoni kila muhula, hapa ni karatasi inayozunguka kwelikweli.

Haishangazi kwamba kuanzia mwaka 1957 hadi 1973 chuo kimoja cha Wolverhampton kiliitumia kufundishia. Rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme, zilipoacha kugonga na nukta zikatulia, nililisoma jibu kwenye mirija yenyewe, tarakimu baada ya tarakimu.